Watoto wa Bibi Eliwaza

Gari la waya, lililopanda mlima likining'inia, lilipofika kituo cha Kirongwe, Nyamizi Kasanda alikuwa wa mwisho kushuka, kwa sababu pale langoni palikuwa na mzee aliyetaka kupanda na lango lilikuwa halimsikii. Mzee alivaa koti la suti na kofia ya sufu, amejiandaa kama mtu wa safari. Alisogeza mdomo kwenye kitundu cha sauti akasema, "Same." Lango likakaa kimya. Akasema tena, sasa kwa nguvu kidogo, kwamba anakwenda Same na atarudi leo hii hii. Taa ya njano ikawaka, na sauti ya upole ikamwomba asubiri, msemaji wake anatafutwa.

Nyamizi alijua maana ya taa ile. Mzee alikuwa chini ya mstari. Sauti yake, ambayo zamani ilikuwa ndiyo sahihi yake na ndio ufunguo wake, haikuwa na uzito tena. Mtu mwingine alipaswa kusema ndiyo kwa niaba yake kabla kitu chochote hakijamtii: lango, jiko, mlango wa zahanati. Alipomwamkia, mzee aliitikia marahaba na kumweleza bila kulalamika kwamba msemaji wake ni mkwewe, ni mwalimu, yuko darasani, akitoka atamruhusu. Kisha akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akitazama magari matupu yakishuka kuelekea tambarare.

Nyamizi hakuwa na la kumsaidia. Tena watu kama yeye ndio waliomweka mzee yule pale. Alikuwa mpimaji, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na Mizani, kidude cha duara ukubwa wa kisahani cha kikombe, kilichopima akili za wazee wa milima yote ya Upare. Kazi hiyo aliichagua mwenyewe. Babu yake mzaa mama, kule Tabora, alitamka neno moja tu, ndiyo, mbele ya mpangaji mwerevu, siku ambazo hata jina la mkewe lilikuwa limemtoka, na nyumba ya ukoo ikawa ya mpangaji. Sheria ya Mstari ilipokuja, mama yake Nyamizi alilia kwa furaha. Angalau sasa, alisema, hakuna atakayemfanyia mtu hivyo tena.

Nje ya kituo alimkuta Nakijwa, binti wa Bibi Eliwaza, mama aliyepangiwa kupimwa, akimsubiri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Walipanda njia ya mawe katikati ya mashamba ya tangawizi, na Nakijwa akaeleza yaliyomfanya aache kazi yake Moshi na kurudi nyumbani. Mama yake alikuwa ameunguza sufuria mara kadhaa. Alikuwa anamwita Nakijwa kwa jina la shangazi yake. Na wakati wa masika alitoka kwenda shambani, ukungu ukashuka, wakamtafuta kutwa nzima. Walimpata amekaa juu ya jiwe karibu na shule aliyofundisha maisha yake yote, viatu mkononi, hajui nyumbani ni upande gani.

"Ninakuomba kitu kimoja, dada," Nakijwa alisema walipokaribia nyumba. "Mama yangu ana maneno matamu. Watu wakikaa naye wanatoka wanasema huyu mama mzima kabisa. Wewe usimwonee huruma. Kama ameanguka, sema ameanguka, nijue namna ya kumlinda."

Nyamizi alimwahidi kwamba Mizani haina huruma wala chuki, na wakati huo aliamini alichosema.

*

Bibi Eliwaza alikuwa amevaa kitenge kipya na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamuuliza kwao ni wapi, na aliposikia Tabora akataka kujua kama asali ya huko bado ni nzuri. Chai ya tangawizi ilikuwa tayari. Nakijwa aliimimina kisha akatoka, maana sheria haikumruhusu aliyetoa ufunguo wa maswali kukaa chumbani wakati wa kipimo.

Nyamizi aliweka Mizani mezani. Pete ya kijani ikawaka ukingoni mwake. Tangu hapo kidude kilisikiliza sauti, kikatazama macho, kikahesabu hata pumzi kati ya neno na neno, na yote kiliyoyaona kilimnong'oneza mpimaji kupitia kipuli cha sikioni.

"Zamani tulikuwa tunaambiwa tuchore saa," Bibi Eliwaza alisema, akikitazama kidude kwa udadisi. "Na maneno matano ya kukumbuka. Uso, hariri, sijui kanisa."

"Siku hizi hatuchori tena, mama. Tunaongea tu."

Ilikuwa kweli. Vipimo vya karatasi vilikuwa vimewaumiza wengi. Mtu ambaye hakushika kalamu utotoni alishindwa kuchora saa, akaitwa mgonjwa. Profesa aliyeanza kuugua aliichora vizuri, akaitwa mzima. Waliobuni Mizani waliamua kwamba kila mtu aulizwe maisha yake mwenyewe. Familia ilitoa ufunguo, yaani majibu sahihi: alizaliwa wapi, aliolewa lini, nani alimsimamia harusi, ng'ombe wake wa kwanza aliitwaje. Mtu aliyeyajua maisha yake alikuwa juu ya mstari. Maswali hayakuwa na uzito sawa. Jina la ng'ombe lilikuwa na uzito mdogo. Mazito kuliko yote yaliitwa maswali ya damu, kwa sababu mtu husahau mengi kabla ya kusahau wazazi na watoto wake.

Bibi Eliwaza alianza vizuri. Alisimulia harusi yake mpaka Nyamizi akaiona. Mwaka aliostaafu ulimpotea, akautafuta, akauacha. Jina la mchungaji aliyembatiza mwanawe wa mwisho nalo halikuja. Alipoulizwa waziri mkuu wa sasa ni nani, swali pekee lililobakizwa kutoka vipimo vya zamani, alijibu kwamba huyo hata akimkumbuka haitamsaidia kitu, na Nyamizi akacheka kabla hajajizuia. Sikioni, Mizani ilimwambia kwamba mama yuko karibu na mstari, juu yake kidogo.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Wanne."

Jibu lilitoka haraka, bila kusita hata kidogo. *Halikubaliani na ufunguo*, Mizani ikanong'ona. Nyamizi alijua kutoka kwenye ufunguo kwamba watoto ni watatu. Sheria ilimruhusu kuuliza majina, akauliza.

Bibi Eliwaza alifungua mdomo. Alimtaja Nakijwa. Akamtaja Eliaichi, aliyeko Mwanza, na Sifuni, aliyeko Muskati. Kisha akashika kikombe chake kwa mikono yote miwili, na uso wake ukawa wa mtu aliyesikia kitu kikivunjika chumba cha pili.

"Na wa nne?"

"Chai yako imepoa, mwanangu," alisema. "Ngoja nikuongezee."

*

Nakijwa alipoambiwa, alikaa kwenye ngazi za baraza na kufunika uso. Hakuwa amefurahi, ingawa ndilo jibu alilolitarajia. Alisema mama yake hakuwahi kupoteza mimba wala kuzika mtoto, yeye angejua, yeye ndiye mzaliwa wa kwanza na siri zote za nyumba ile zilipitia kwake. Huyo wa nne alikuwa ametoka ndani ya ugonjwa.

Nyamizi alimweleza utaratibu. Kwa jibu lile mama amekuwa chini ya mstari, lakini kwa swali la damu mpimaji ana haki ya kuuliza mara moja zaidi, siku inayofuata, mtu akiwa amepumzika. Jibu la pili ndilo litakaloandikwa. Halafu akaenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya usharika, na uso wa Bibi Eliwaza haukumtoka akilini. Alikwisha kuona watu wakisahau. Aliyesahau hukodoa macho, hutafuta, hukasirika, au hutabasamu tu. Mama yule hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikuwa ameogopa.

Asubuhi alirudi mapema. Nakijwa alikuwa amekwenda ghala la ushirika kupeleka tangawizi, na Bibi Eliwaza alikuwa uani peke yake, amekaa kwenye kigoda, anasugua udongo kutoka kwenye vipande vya tangawizi vilivyobaki. Nyamizi alikaa karibu naye, akachukua kipande kimoja akaanza kusugua pia. Mkoba aliuweka chini, umefungwa. Kuzungumza habari za kipimo wakati Mizani imezimwa kulikatazwa na angeweza kufukuzwa kazi kwa jambo hilo, lakini aliona hakuna njia nyingine ya kuuliza.

"Kidude kimelala, mama. Haya ni yetu wawili. Wa nne ni nani?"

Bibi Eliwaza aliendelea kusugua kwa muda. Alipoanza kusema alisema taratibu, bila kumtazama.

Alikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa kupita, aliyekuja na kampuni ya barabara na akaondoka nayo. Msichana mwenye mimba alifukuzwa chuoni siku hizo, na baba yake, mzee wa kanisa, asingemtazama tena. Dada yake, Enesia, alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, na watu walikuwa wameanza kumsema. Dada ndiye aliyetoa wazo. Waliondoka pamoja kwenda mbali kwa kisingizio cha matibabu ya Enesia, na waliporudi, Enesia ndiye aliyekuwa amembeba mtoto. Eliwaza akarudi chuoni, akamaliza.

"Ni Mbonea," alisema. "Fundi wa pampu, wa ng'ambo ya bonde. Ananiita mama mdogo."

Alikuwa ameapa kwa dada yake kwamba hatamwambia mtu. Mumewe tu ndiye aliyeambiwa, kabla ya harusi, na aliondoka duniani bila kulitaja tena. Enesia naye alifariki, na mumewe akamfuata. Mbonea alilelewa vizuri, akapendwa, akaoa, sasa ana mvi. Kila walipokaa mezani siku za Krismasi Eliwaza alimwekea nyama sawa na wengine, asizidishe, watu wasije wakaona.

Nyamizi aliuliza swali ambalo hakutaka kuliuliza. "Maisha yako yote, mtu akikuuliza una watoto wangapi, ulikuwa unajibu nini?"

"Watatu."

"Jana ulikusudia kusema wanne?"

Bibi Eliwaza aliinua macho. Nyuma ya miwani ile yalikuwa macho ya mwalimu, anayejua hasa anaulizwa nini na kwa sababu gani.

"Hapana," alisema. "Lilitoka lenyewe. Hapo zamani kulikuwa na mlango, nimeusimamia tangu ujana wangu. Siku hizi nausahau wazi. Najua ninachougua, mwanangu, usihangaike kunificha. Ila lilipotoka, nilikaa usiku kucha nikaona sitaki kulirudisha."

Nyamizi aliweka chini kipande alichokuwa anasugua. Jibu lilikuwa la kweli kabisa, na kule kutoka kwake lenyewe kulikuwa dalili ya ugonjwa. Wala hapakuwa na mahali pa kuyatenganisha hayo mawili. Mizani ilikosea kuhusu mtoto, haikukosea kuhusu mama.

Alimwambia kwamba ipo njia rahisi. Leo aseme watatu. Jibu litakubaliana na ufunguo, atabaki juu ya mstari, na siri itabaki pale ilipokuwa. Bibi Eliwaza alitikisa kichwa. Nyamizi akafikiri, akampa njia ya pili, na hiyo aliiona nzuri: aseme wanne, yeye ataeleza kwamba katika desturi zetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Hakuna atakayebisha, hata wakubwa wake mjini. Wala hautakuwa uongo.

"Hilo ndilo blanketi nililofunikwa nalo miaka yote," Bibi Eliwaza alisema. "Mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Enesia alikuwa ananiambia hivyo kila nikilia. Ni blanketi zuri, sikatai. Lakini sasa nataka kumwambia mwanangu, na ninataka kumwambia sauti yangu ikiwa na uzito. Ukiniandika chini ya mstari leo, nikamwambia kesho, watamfariji. Watamwambia mama mdogo amechanganyikiwa, usimjali. Na mimi nitakaa pale nikisikia."

"Na kiapo cha dada yako?"

"Nitakutana naye hivi karibuni. Nitajieleza mwenyewe."

*

Nyamizi alitembea mpaka mwisho wa ua na kurudi. Alimfikiria mzee wa kituoni, mikono juu ya magoti. Alimfikiria pia babu yake, na Nakijwa akikimbia kwenye ukungu akiita. Kumpitisha mama huyu kulikuwa kumwachia jiko linalomtii na lango linalomfungukia, wakati akili yake imeanza kutoboka. Kumwangusha kulikuwa kuugeuza ukweli wake kuwa maradhi, na kuuzika chini ya jina hilo milele.

Mwishowe alifungua mkoba, akaweka Mizani juu ya kigoda kingine kati yao, na pete ya kijani ikawaka.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Wanne. Mbonea, Nakijwa, Eliaichi na Sifuni." Sauti yake ilitetemeka kwenye jina la kwanza, ikatulia kwenye yaliyobaki.

Mizani ikanong'ona kwamba jibu halikubaliani na ufunguo, na kwamba mpimaji athibitishe kosa. Nyamizi aliinama juu ya kidude, na kwa sauti yake mwenyewe, iliyokuwa sahihi yake, akasema, "Jibu ni sahihi. Ufunguo ndio wenye kosa."

Kidude kikamweleza kile alichokuwa anakijua, kwamba ufunguo hubadilishwa na aliyeutoa peke yake, na kwamba ujumbe umekwisha kutumwa.

Haikuchukua muda Nakijwa akaingia uani, miguu ina vumbi, simu mkononi. Alimtazama Nyamizi kwa hasira, akamuuliza ni utani gani huu, anaombwa athibitishe kwamba binamu yake ni ndugu yake, na je, hivi ndivyo serikali inavyopima watu. Nyamizi alitaka kujibu, lakini Bibi Eliwaza alimwambia binti yake akae chini.

Akamweleza. Alieleza kama alivyomweleza Nyamizi, ila safari hii alikuwa ameshika mkono wa binti yake na hakuuachia hata Nakijwa alipojaribu kuuvuta. Mizani ilikuwa inawaka muda wote na hakuna aliyekumbuka kuizima. Alipomaliza, kuku walikuwa wamesogea mpaka kwenye tangawizi, na hakuna aliyewafukuza.

"Baba alijua?" Nakijwa aliuliza.

"Alijua kabla hajanioa."

"Na mimi nimeitwa mzaliwa wa kwanza maisha yangu yote." Sauti yake ilikuwa ya chini, kavu. "Kila kitu nilipewa mimi nibebe. Baba alipougua, mimi. Ada za wadogo zangu, mimi. Nimeacha kazi, nimeacha nyumba yangu, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza. Kumbe alikuwepo mtu ng'ambo ya bonde, anapita hapa kila wiki kutengeneza pampu, anakunywa chai anaondoka."

Bibi Eliwaza hakujitetea. Alisema ni kweli, na kwamba alikuwa anaona, na kwamba kila mara alipomwona akielemewa alijua nani mwingine angepaswa kushika upande wa pili.

Nakijwa alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akajifuta kwa ukingo wa khanga. Aligeukia simu yake. Nyamizi alijua anachokitazama: maneno mawili, *Nathibitisha* na *Nakataa*, na moja kati yake lingempa binti huyu usingizi aliokuwa anautafuta kwa muda mrefu. Akikataa, mama angekuwa chini ya mstari kabla ya chakula cha mchana. Jiko lisingewaka bila ruhusa. Geti la ua lisingefunguka kwenye ukungu.

"Nikithibitisha, mama, utaendelea kutoka peke yako. Utapotea tena. Safari nyingine tutakukuta umekufa kwa baridi."

"Nikiwa bado juu ya mstari, neno langu linaweza kutoa kitu pia," mama yake alisema, akakigeukia kidude kama mtu aliyekuwa anangoja nafasi. Alisema, kwa sauti ya darasani, kwamba yeye Eliwaza, kwa hiari yake, anamkabidhi binti yake Nakijwa ulinzi wa jiko na wa geti kuanzia leo, na kwamba siku itakapofika ya kuwa chini ya mstari, Nakijwa ndiye atakuwa msemaji wake, na asiulizwe mtu mwingine. "Limeshika?" akamuuliza Nyamizi.

"Limeshika, mama."

Nakijwa alimtazama mama yake muda mrefu. Hakusema amesamehe, na Nyamizi hakuona usoni mwake kwamba amesamehe. Aliiinua simu karibu na mdomo.

"Nathibitisha," akasema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Ngoja nimpigie. Nitamwambia pampu imeharibika, la sivyo atasema atakuja Jumapili."

Nyamizi alifunga kipimo. Aliandika kwamba mama yuko juu ya mstari. Chini yake, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli, aliandika kwamba dalili zipo, kwamba apimwe tena mapema kuliko kawaida, na kwamba sehemu ya mazungumzo ilifanyika kidude kikiwa kimezimwa, kwa uamuzi wa mpimaji. Wakubwa wake wangeisoma sentensi hiyo ya mwisho zaidi ya mara moja. Hakuifuta.

*

Nyamizi alikuwa ameaga tayari wakati Mbonea alipofika, lakini Bibi Eliwaza alimwomba akae, awepo mtu wa nje atakayesema kwamba yeye Eliwaza alikuwa mzima siku ile. Kwa hiyo Nyamizi alikaa barazani, mlango ukiwa wazi.

Mbonea alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye begi la vifaa begani. Alimwamkia kila mtu, akauliza pampu inasumbua nini. Nakijwa alimwambia aweke begi chini. Hakumwita kaka, wala hakumwita kwa jina. Alimvutia kiti, akakisogeza karibu na cha mama yake, akaenda kusimama dirishani.

Bibi Eliwaza alimwambia kwa maneno machache kuliko aliyowaambia wao. Mbonea alisikiliza akitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha, kisha tabasamu likaondoka. Alimtazama Nakijwa. Nakijwa akaitikia kwa kichwa. Akamtazama mgeni barazani, na Nyamizi akasema kile alichobakizwa akiseme: kwamba yeye ni mpimaji wa serikali, amempima mama huyu asubuhi, na neno lake lina uzito.

Mbonea alitoka nje. Walimwona akizunguka nyumba, akasimama kwenye pampu, akaifungua na kuifunga ingawa haikuwa na tatizo lolote. Alikaa huko mpaka Nakijwa akaanza kwenda mlangoni, na mama yake akamwambia amwache. Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa maji na macho yake mekundu. Alikaa kwenye kiti kile kile.

"Nilizaliwa wapi?" aliuliza. "Mama, yaani marehemu, kila nikimuuliza alikuwa anasema mbali. Mbali wapi?"

Bibi Eliwaza alifungua mdomo kumjibu.

Nyamizi aliona kilichotokea kabla wenyewe hawajakiona. Aliona macho yakikodoka, yakitafuta, mkono ukiinuka na kushika hewa. Jina la mji lilikuwa limeondoka. Alikuwa amelibeba tangu ujana wake bila kulitamka, na sasa mtu pekee aliyestahili kulipewa alikuwa amekaa mbele yake, nalo halikuwepo. Alijaribu herufi ya kwanza. Alijaribu nyingine. Akaanza kujipiga paja kwa ngumi, polepole, na kusema, lilikuwa hapa, jana lilikuwa hapa.

Nakijwa alipiga hatua kutoka dirishani, lakini Mbonea aliwahi kuushika ule mkono.

"Acha jina," alisema. "Niambie unachokiona."

Bibi Eliwaza akatulia. Alifumba macho. Alisema anaona mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani, na mvua inapiga juu yake. Anaona muuguzi mfupi, anaimba wimbo wa kanisani huku anakunja mashuka, na anaimba vibaya. Enesia amekaa kitandani miguuni pake, anakula embe kwa sababu ya wasiwasi. Na mtoto ana nywele nyingi, nyingi mno, mpaka muuguzi anacheka, na ana alama nyekundu nyuma ya sikio. Mbonea alipeleka vidole nyuma ya sikio lake, akaviacha hapo.

Alisema na mengine, harufu ya dawa, blanketi la kuazima, jinsi alivyompakata mara moja tu kabla ya kumpa dada yake, kwa kuwa walikubaliana iwe mara moja. Mbonea alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, hataki hata neno moja limpite. Nakijwa alikuwa amekuja kukaa sakafuni, karibu na kiti cha mama yake.

Nyamizi alichukua mkoba wake. Alipokuwa anavaa viatu kwenye ngazi alimsikia Bibi Eliwaza akinyamaza, akivuta pumzi, halafu akianza upya: kulikuwa na mlango wa bati, wa kijani, na mvua ilikuwa inapiga juu yake. Mbonea hakumwambia kwamba hayo amekwisha kuyasema. Alimuuliza ilikuwa kijani ya namna gani.